Breki ya stima haifungwi na stima: kutoka Macalder hadi Awendo

Leo naomba tuweke kando programu na simu, tuzungumze habari za chuma. Msinikimbie! Humu ndani kuna wazo ambalo sisi waandishi wa programu tunalinadi kila siku kana kwamba tumelibuni wenyewe, kumbe mafundi wa winchi na garimoshi walilimaliza zamani, kabla babu zangu wa South Nyanza hawajaona balbu.

Swali lenyewe ni hili. Kreni ya kiwanda cha sukari imeinua furushi la miwa, tani kadhaa, na chini yake kuna trekta na dereva wake. Stima inapotea. Tunaijua stima yetu, haina tabia ya kuaga. Je, miwa inaanguka?

Haianguki. Inabaki ikining'inia pale pale, inayumba kidogo, na dereva anapata nafasi ya kuruka chini na kuilaani kampuni ya stima akiwa mzima. Nikiwauliza watu kwa nini, wengi hunijibu kwamba lazima kuna betri mahali fulani, au kwamba gia ndizo zinazoshika. Jibu la kweli linashangaza kidogo. Breki ya mashine ile imefungwa tangu siku ilipotoka kiwandani, na kinachoibana ni springi nene za chuma. Kazi ya stima ni kuifungua tu. Opereta akibonyeza kitufe cha kupandisha, stima inaingia kwenye mota na papo hapo inaingia kwenye koili ya sumaku. Sumaku inavuta, springi zinabanwa, viatu vya breki vinaachia drami, mzigo unapanda. Akiachia kitufe, au waya ukikatika, au nguzo ikianguka huko Rongo, sumaku inakufa na springi zinarudi kazini.

Kwa lugha yetu ya kompyuta, chaguo-msingi la mashine hii ni kusimama. Kwenda ndiko kunakoombewa ruhusa, na ruhusa yenyewe inaombwa upya kila nukta.

Mnamkumbuka tumbili wa Gitaru? Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, na nchi nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. (Alipona, kama mlitaka kujua.) Sisi watu wa kompyuta tulililia kazi ambazo hatukuwa tumezihifadhi. Lakini fikirieni kila lifti, kila kreni na kila winchi yenye breki ya aina hii iliyokuwa na mzigo hewani wakati ule. Springi zote hizo zilifunga kwa pamoja, Mombasa hadi Migori, bila mtu yeyote kuamuru.

Wazo hili ni la zamani kuliko matumizi ya umeme kuinua mizigo. Mwaka 1854, kwenye maonyesho ya Crystal Palace mjini New York, Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa lililoinuliwa kwa kamba mbele ya watu, akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa lilishuka kidogo tu, likakwama. Alikuwa ameweka springi ambayo mvuto wa kamba ndio ulioizuia isijifungue. Kamba ikilegea, springi inatanuka na meno yake yanauma reli za pembeni. Yaani kitu kile kile kinachobeba mzigo ndicho kinachozuia breki, na kikiondoka, breki inaingia.

Kwenye garimoshi njia ilikuwa ndefu zaidi, na ililipiwa kwa damu. George Westinghouse alipopata hataza ya breki yake ya hewa mwaka 1869, hewa iliyobanwa ndiyo iliyosukuma viatu kwenye magurudumu. Ilifanya kazi vizuri hadi mpira unapopasuka. Hewa ikitoka, breki nayo imetoka. Mwaka 1872 akaigeuza kichwa chini miguu juu: bomba la garimoshi zima likawa linajazwa hewa ili breki ziachie, na presha ikishuka kwa sababu yoyote ile, kila behewa linafunga kwa hewa iliyohifadhiwa kwenye tangi lake lenyewe. Hata hivyo makampuni mengi ya reli ya Uingereza yalisita, maana kubadilisha ni gharama. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na Armagh huko Ireland, garimoshi lililojaa watoto wa shule ya Jumapili lilishindwa kupanda mlima. Wakalikata vipande viwili ili injini ipande na nusu ya kwanza. Breki za mabehewa yale zilitegemea kuunganishwa na injini. Mabehewa ya nyuma yalipoachwa peke yake yalizuiwa na breki ya mkono na mawe yaliyowekwa nyuma ya magurudumu. Yakateleza, yakarudi nyuma kwa kasi, yakakutana na garimoshi jingine lililokuwa likija. Watu wapatao 80 walikufa, wengi wao watoto. Mwaka huo huo bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kulazimisha breki zinazojifunga zenyewe kwenye magarimoshi ya abiria.

Kwa hiyo umeme ulipoanza kuendesha lifti na winchi mwishoni mwa karne ya 19, wahandisi hawakuhitaji kufikiri sana. Springi ifunge, sumaku ifungue. Miaka zaidi ya 100 imepita na muundo ni ule ule, ingawa sumaku zimebadilika. Nyingine siku hizi hazina sumaku kabisa, zina kimota kidogo kinachosukuma mafuta chini ya pistoni. Ndizo hizo mnaziona kwenye kreni kubwa, kama chupa ya chuma iliyosimama kando ya drami.

Haya, tuje kwetu.

South Nyanza ya zamani, ambayo baadaye ilikatwakatwa na leo ndiyo kaunti za Migori na Homa Bay, watu wengi wanaijua kwa samaki, tumbaku na miwa. Wachache wanakumbuka kwamba kulikuwa na mgodi mkubwa. Miaka ya 1930, wakati Kakamega ilipopatwa na wazimu wa dhahabu, watafutaji walishuka pia hadi huku chini, na Macalder, katika Nyatike ya leo, palipata jina. Baadaye shaba ikawa ndiyo mali kuu, na katika miaka ya 1950 Macalder palikuwa mgodi wa shaba ulio muhimu kuliko yote nchini Kenya. Ulifungwa mwaka 1966.

Mimi kinachonivutia ni stima yake. Wakati ule hapakuwa na laini ya umeme ya taifa iliyofika pembe ile. Kwa hiyo, katika miaka hiyo hiyo ya 1950, ilijengwa stesheni ndogo ya umeme wa maji kwenye maporomoko ya Gogo, mto Kuja, kwa ajili ya mgodi. Uwezo wake ni megawati 2. Ukizigawa kwa birika za umeme za siku hizi, ni birika 1,000 zikichemka pamoja, basi. Stesheni ile haijafa. Leo ni ya KenGen, na mgodi ulioizaa ulishazikwa.

Stesheni ya aina ya Gogo inaishi kwa maji ya mto, haina bahari ya maji nyuma yake ya kutegemea miezi mingi ya kiangazi. Kuja unaweza kufurika na kuharibu mashamba ya Nyatike, na unaweza kunywea. Sasa weka mgodi wa chini ya ardhi mwishoni mwa waya kama huo. Mawe lazima yapandishwe, maji lazima yavutwe, na kila kinachoning'inia juu ya shimo kinategemea uamuzi uliofanywa na wahandisi wa mbali: kwamba umeme ukikosekana, mashine ishike. Kwa hesabu rahisi, kitu kikiachiwa kutoka mita 30 kinafika chini kwa sekunde mbili na nusu, kikiwa na mwendo wa karibu kilomita 87 kwa saa. Muda huo hautoshi mtu kukimbilia swichi.

Sasa tufike penye uchungu wa hadithi. Mtu akishaelewa kwamba breki inajifunga yenyewe, anastarehe. Mimi nilistarehe kwa miaka mingi. Aliyeniondolea starehe hiyo ni mzee mmoja aliyestaafu, fundi wa stima wa kiwanda kimoja cha sukari ambacho sitakitaja. Nilikwenda kwake na maswali yangu ya mtu wa kompyuta, nikamweleza kwa majivuno jinsi muundo ule ulivyo salama hata stima ikipotea. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Nyathina," akaniambia, "stima ikipotea mimi silali na wasiwasi. Naogopa stima ikiwapo mwezi mzima, na mwezi mzima hakuna mtu amefungua kile kifuniko."

"Kwani kuna nini ndani, mzee?"

"Kuna kitu kinaisha."

Kinachoisha ni lainingi, ule mkate mgumu unaosugua chuma. Tuchukue breki ya diski, ile ndogo inayokaa nyuma ya mota. Katikati kuna diski yenye lainingi pande zote mbili. Kati ya sumaku na bamba inalolivuta kuna nafasi, na nafasi hiyo ni ndogo mno. Kwa breki ndogo ikiwa mpya huwa milimita 0.2 hadi 0.5 hivi, kulingana na ukubwa. Lainingi ikiisha milimita 0.15 kila upande, nafasi iliyokuwa 0.3 inakuwa 0.6. Ni unene wa karatasi chache. Lakini nguvu ya sumaku hushuka kwa mraba wa umbali, takriban. Nafasi ikiwa maradufu, mvuto unabaki robo. Ongeza ukweli kwamba huku kwetu mwisho wa laini volti hushuka. Volti zikiwa asilimia 80, mvuto unabaki kama asilimia 64 ya ule wa kawaida. Watengenezaji wengi huahidi kazi nzuri ndani ya asilimia 10 juu au chini, basi.

Siku moja, basi, sumaku inashindwa kufungua. Mpaka hapo bado tuko salama, kwa sababu breki imebaki imefunga. Mota inalazimisha, diski inazunguka ndani ya breki iliyobana, unasikia harufu ya kuungua. Na hapo ndipo binadamu anapoingia. Kazi imesimama, matrekta yamepanga foleni hadi barabarani, meneja anapiga kelele. Fundi mwenye haraka anaona breki haifunguki, anachukua spana, analegeza springi. Sumaku sasa inavuta vizuri sana! Kreni inafanya kazi, kila mtu anampongeza. Kumbe amepunguza nguvu ile ile inayoshika mzigo stima ikipotea. Dawa ilikuwa kupima nafasi na kuirekebisha, au kubadilisha lainingi. Nimeona kitu hiki hiki kwenye programu mara nyingi: mtu anazima onyo kwa sababu linapiga kelele.

Breki kubwa za drami zina ugonjwa mwingine, na huu ni mbaya zaidi kwa sababu haupigi kelele. Viatu viwili vinabana drami kutoka pande mbili kwa mkono wa chuma unaosukumwa na springi. Lainingi zikiisha, mkono unalazimika kwenda mbali zaidi ili ufikishe viatu kwenye drami. Una mwisho wake. Ukifika kwenye kizuizi chake, springi inasukuma kizuizi badala ya kusukuma viatu. Ukiitazama kwa macho, breki imefunga. Swichi ndogo ya kuripoti hali yake inasema imefunga. Taa ya kijani inawaka. Na drami inaweza kuzunguka. Ndiyo maana breki hizi zina alama ya akiba ya mwendo, na fundi anatakiwa kuitazama alama hiyo na kukaza kabla akiba haijaisha.

Hapa nataka kusimama kidogo kwa sababu ya neno lenyewe, "kiatu cha breki". Inasimuliwa kwamba Herbert Frood wa Derbyshire, Uingereza, aliwaona waendesha mikokoteni wakisukuma buti kuukuu kwenye magurudumu ili kupunguza kasi mteremkoni, akaanza kutafuta kitu bora kuliko buti. Mwaka 1897 akaanza biashara ya lainingi, na jina Ferodo ambalo mnaliona hadi leo kwenye maduka ya spea ni jina lake limechanganywa herufi na kuongezwa "e". Baadaye lainingi za dunia nzima zikajaa asbesto, kwa sababu inastahimili moto. Inastahimili moto na inaua mapafu. Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999. Ukikutana na breki ya mashine ya miaka ya 1950 hadi 1980 ambayo haijawahi kubadilishwa lainingi, usiipulize vumbi kwa hewa ya kompresa. Funika pua na mdomo sawasawa, ulowanishe vumbi, ulifute kwa kitambaa kibichi.

Derbyshire hiyo hiyo ndiyo iliyotoa somo kali kuliko yote ninayoyajua kuhusu breki hizi. Tarehe 30 Julai 1973, kwenye mgodi wa makaa wa Markham, kizimba cha ghorofa mbili kilikuwa kinashusha wachimbaji 29 kuanza kazi. Kilipokaribia chini, opereta wa mashine ya kupandishia akavuta breki. Haikushika. Akabonyeza kitufe cha dharura, na mashine haikusimama. Kizimba kikagonga sakafu ya shimo. Watu 18 walikufa na 11 wakajeruhiwa vibaya.

Breki ya Markham ilikuwa ya kundi letu hili hili: springi zinafunga, nguvu ya nje inafungua. Presha ikipotea, inashika. Lakini springi zilifikisha nguvu yake kwenye breki kupitia fito moja tu ya chuma, nene kama sentimita 5, iliyopita katikati yao. Egemeo lililotakiwa kuzunguka halikupata grisi ya kutosha, kwa hiyo kila breki ilipofungwa na kufunguliwa fito ilipindwa kidogo. Ikachoka ndani kwa ndani, ufa ukakua miaka na miaka, ikakatika. Fito ya aina hiyo ilikuwa imewahi kukatika kwenye mgodi mwingine, Ollerton, mwaka 1961, na agizo la kukagua fito kama hizo lilitumwa. Ile ya Markham ilikaguliwa kwa macho, ikiwa mahali pake. Ufa ulikuwa pale ambapo macho hayafiki bila kufungua mashine.

Nikisoma habari ile nilielewa maneno ya mzee wangu. Muundo wa kujifunga unatibu hatari ya ghafla, ile ya stima kupotea. Hatari ya polepole inabaki, na breki haina njia ya kuijua. Haipimi unene wake. Haijui kwamba pini imekula tundu lake. Mtu lazima aende na mkono na kipimo.

Awendo ndipo mahali pa kuyaona haya. Kiwanda cha South Nyanza Sugar kilianzishwa na serikali mwaka 1976 na kikaanza kusaga mwaka 1979. (Kinaitwa Sony, na kila mgeni wa teknolojia huuliza kama ni ile ya Japani. Hapana, ni South na Nyanza.) Miaka ya 2010 upande wa Homa Bay nao ulipata kiwanda chake, Sukari Industries huko Ndhiwa. Kiwanda cha sukari ni mahali pagumu kwa breki. Vumbi la makapi ya miwa linaingia kila tundu. Mvuke unaleta kutu. Grisi ya kamba inadondokea drami, na lainingi iliyolowa grisi haisafishiki vizuri, ni ya kutupa. Kreni ya kupakua miwa inasimama na kuondoka mchana na usiku msimu mzima. Kwa bahati sukari ina desturi nzuri ambayo sisi wa kompyuta tungeiiga: kiwanda hufungwa kwa matengenezo makubwa, kila kitu kinafunguliwa. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mashine za kunyanyua zikaguliwe kwa vipindi na mtu aliyeidhinishwa, taarifa iandikwe.

Mzee alinionyesha kwa mikono jinsi walivyofanya zamu kwa zamu. Kwanza mzigo unashushwa hadi chini na stima inafungwa kwa kufuli, maana huwezi kufungua breki iliyobeba kitu. Unapima lainingi. Kama ni ya ribiti, unatazama ribiti zimebaki chini ya uso kiasi gani, kwa sababu ribiti ikigusa drami inaichimba mitaro. Unapitisha kidole kwenye drami. Rangi ya buluu maana yake iliungua, nyufa ndogo kama za udongo uliokauka maana yake iliungua mara nyingi. Unatikisa kila pini. Unapima nafasi sehemu tatu kuzunguka diski, kwani inaweza kuwa sawa juu na mbovu chini. Halafu jaribio: unainua mzigo wa kawaida kimo cha goti, unasimamisha, unachora mstari wa chaki unaovuka drami na chuma kilichosimama kando yake, unangoja. Mistari miwili ikiachana, breki inateleza.

Nilimuuliza habari za inveta, kwa kuwa kreni nyingi za sasa hupunguza mwendo kwa elektroniki hadi mzigo usimame kabisa, kisha breki inafunga kushikilia tu. Lainingi haisuguliwi, inadumu miaka. Akacheka. Lainingi isiyosuguliwa inapata uso wa kioo, drami inapata kutu, na siku inveta ikikatika mzigo ukiwa unashuka kwa kasi, breki inaitwa kufanya kazi ambayo haijaifanya kwa miaka. Mnayajua haya kwa jina jingine. Ni nakala rudufu ambazo hakuna aliyewahi kujaribu kuzirudisha. Kwa hiyo kreni ya inveta inahitaji kusimamishwa kwa breki makusudi mara moja moja, kwa kufuata kitabu chake.

Kuna na jambo la waya ambalo nalipenda kwa sababu ni la muda, na muda ni kazi yetu. Koili nyingi za breki ndogo hutumia umeme wa moja kwa moja unaotoka kwenye kidude cha diodi. Ukikata stima kabla ya diodi tu, mkondo uliobaki kwenye koili unaendelea kuzunguka kupitia diodi hizo na sumaku inachelewa kuachia. Ukikata na upande wa pili, inaachia upesi. Kwa kisukuma bidhaa, kuchelewa huko si kitu. Kwa mzigo unaoshuka, ni sentimita kadhaa za ziada kila unaposimama, na lainingi inayoisha mapema. Fundi anayebadilisha kidude hicho aangalie waya za zamani zilipounganishwa.

Nimalizie Nyatike, maana Macalder kumefungwa lakini kuchimba hakukufungwa. Wachimbaji wadogo wako kule hadi leo, Osiri, Masara, Mikei, wengine juu ya mwamba ule ule uliochimbwa na wakoloni. Kwa miaka mingi chini ya Sheria ya Madini ya 1940 mchimbaji mdogo hakuwa na nafasi, na asiye na nafasi kisheria hakaguliwi na mtu. Sheria ya 2016 ndiyo iliyomtambua na kumruhusu kuomba kibali.

Zana ya kawaida ya kupandisha mawe ni roli la mbao na mikono ya watu. Lakini stima ya taifa imefika sehemu nyingi, na madukani kuna viwinchi vidogo vya umeme vilivyotengenezwa kwa ajili ya mafundi wa ujenzi, vile vyekundu au vya manjano vyenye kilo 250 kwa kamba moja na 500 kwa kapi. Nyuma ya feni kuna breki ya springi, ukoo mmoja na ile ya kreni ya Awendo. Someni kile kibati. Vingi vimeandikwa asilimia 20 katika dakika 10, maana yake dakika 2 za kazi na 8 za kupoa. Na kitabu chake kinakataza kunyanyua mtu. Ukikifunga juu ya shimo na kukiendesha kutwa, lainingi iliyokusudiwa kwa nyumba ya ghorofa tatu inaisha kwa muda mfupi mno. Kitakwambia kwanza kwa kushuka kidogo baada ya kusimama, kiasi cha kidole. Wengi huzoea kile kidole.

Mwenye kiwinchi kama hicho afanye jaribio la chaki kila asubuhi kabla ya zamu, kwenye roli la kamba, mzigo ukiwa kimo cha goti na hakuna mtu shimoni. Nafasi ya breki aipime kwa fila geji, vile vipande vyembamba vya chuma vilivyofungwa pamoja kama vidole. Inapatikana kwenye duka lolote la spea za magari mjini Migori au Homa Bay, ni ile ile ya kupimia valvu.